Kutoka Bamburi hadi Gazi: safari ya kulirudishia shamba msitu wake

Jumamosi, Bamburi

Tumeanzia Haller Park. Mtu akitaka kujua kama ardhi iliyokufa yaweza kufufuka, na aende kwanza pale ilipokufa zaidi. Nimefuatana na mpwa wangu, kwani yeye ndiye atakayelishika jembe mimi nikichoka. Shamba la familia liko Mwakirunge, upande wa bara wa Kisauni. Enzi za babu lilikuwa na mivule na mibambakofi. Ikaja mihogo, ikafuata mikorosho, wakamalizia watu wa makaa. Sasa ni nyasi, vichaka vya lantana, mwarobaini na shimo pana palipochimbwa kifusi. Masika yanakaribia nasi twataka kujua tupande nini, na nini tukiache kiote chenyewe.

Watu wengi wa Mombasa waliletwa hapa wakiwa wanafunzi, wakaona twiga, wakaoneshwa Owen, yule kiboko aliyeokolewa Malindi Desemba 2004 akamfanya kobe Mzee kuwa mzazi wake. Leo sikuja kwa ajili ya wanyama wakubwa. Nimekuja kutazama chini.

Kiwanda cha saruji kilichimba matumbawe ya kale hapa mpaka kikakaribia maji ya chumvichumvi yaliyo ardhini. Kikaacha sakafu ya jiwe jeupe, jua likipiga joto linarudi usoni, na udongo hata wa kujaza kikombe hakuna. Mwaka 1971 Rene Haller, Mswisi aliyesomea kilimo na aliyekuwa akifanya kazi kiwandani, alijaribu aina 26 za miti juu ya jiwe hilo. Zilizoshika ni tatu tu, na iliyoshinda zote ni mvinje. Mizizi yake huishi na vijidudu vinavyonasa naitrojeni ya hewani, na maji ya chumvi haiyaogopi.

Miti ikarefuka, lakini chini hapakuwa na uhai. Majani ya mvinje, zile sindano zake, yana tanini nyingi. Yalianguka yakakaa vile vile, hayaozi. Hapo ndipo Haller alipomwona jongoo mkubwa mwenye miguu myekundu akiyala. Akakusanya jongoo kwa mamia, akawaachia chini ya mivinje. Jongoo akala, kinyesi chake kikaozeshwa na bakteria, mboji ikaanza kujengeka juu ya jiwe. Miti mingine ikafuata, ndege wakaleta mbegu zao.

Tulichutama kando ya njia nikaliinua tandiko la sindano kwa vidole. Juu ni kavu, kahawia, zinakatika ukizigusa. Chini yake zimelowa na kuwa nyeusi, na humo mlikuwa na jongoo mnene kuliko kidole changu cha shahada, miguu ikipita mawimbi kwa mawimbi ubavuni. Nyuma yake ameacha vidonge vidogo vyeusi. Nilikisugua kimoja kiganjani, kikapondeka, kikanuka udongo uliopata mvua. Chini ya udongo huo, kina cha kiganja hivi, ukucha wangu ukagonga jiwe.

"Mjomba, kwa hivyo sisi pia tutafute jongoo?"

Nikamwambia jongoo kwetu wapo, ila sisi twawachoma. Kila jioni Kisauni nzima hufuka moshi wa majani yaliyofagiwa uani. Ule ndio mboji yetu inayopaa. Jambo la kwanza tuliloandika kwenye daftari ni hilo: hakuna kuchoma majani shambani tena, wala kufagia chini ya miti.

Tumeandika pia kwamba mvinje hatuupandi. Ni mti mzuri, boriti na fito zake zimesomesha watoto wengi wa pwani hii. Ila pale Bamburi ulitumwa kazi maalumu, kushika mahali pasipo na udongo. Kwetu udongo upo, umechoka tu.

Jumapili, Rabai

Matatu hadi Mazeras, kisha bodaboda. Tulikuwa tumetangulia kuomba idhini, maana kaya, msitu unaolindwa na wazee wa Mijikenda, haiingiwi kwa kukurupuka. Mzee wa kaya alitupokea kwake, tukakaa, tukanywa maji, ndipo akatupa masharti: hukati, huokoti hata kijiti, hutoki na chochote ambacho hukuingia nacho.

Misitu ya kaya imetapakaa kwa karibu kilomita 200 za pwani ya Kenya, na mwaka 2008 kadhaa kati yake, zikiwemo za hapa Rabai, iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Zamani ilikuwa miji ya Mijikenda iliyozungushiwa msitu kuwa ngome. Watu walihama, msitu ukabaki chini ya ulinzi wa wazee. Kwa mtu anayetaka kurudisha miti ya asili, kaya ni mahali pa kuja kuona jinsi ardhi yetu ilivyokuwa kabla ya shoka.

Tulipopita ukingo wa msitu jasho lilikauka shingoni. Miti ya juu ilikuwa imeshikana: mvule, mbambakofi, mgurure wenye shina la rangi ya majivu. Chini yake kuna miti ya kimo cha kati, chini zaidi vichaka na mitambaachi, na chini kabisa majani yaliyooza, mguu unazama. Mpwa wangu alikuwa na mazoea ya misitu ya kupandwa, ambamo unaona mistari. Hapa alisimama akageuka huku na huku, hakuna mti uliokuwa na rika moja na jirani yake. Mti mkongwe ulioanguka ulikuwa umelala palepale, umeota uyoga, na kenge akachomoka chini yake akakimbia. Kwa mwanga uliopenya pale ulipoanguka, miche imejaa hata huwezi kuitenganisha kwa mguu.

Kwenye njia nikaona ganda la mbambakofi limepasuka. Ganda ni nene, la mti hasa. Ndani mna mbegu nyeusi zinazong'aa, na kila moja imevaa kofia nyekundu upande mmoja. Kofia hiyo ni ya kumvutia ndege: hondohondo huifuata, akala kofia, akaangusha mbegu mbali na mamaye. Nilitamani sana kuokota. Mzee aliyaona macho yangu.

"Mwanangu, za humu ni za humu. Nyumbani kwangu upo mbambakofi, na kwa jirani upo mwingine. Huko chukueni."

Kisha akatuuliza swali ambalo sikulitarajia. Sisi tulikuwa tumejiandaa kueleza aina za miti. Yeye akauliza: "Huko kwenu mbuzi ni wa nani? Na nani hupita na moto?" Nikajibu mbuzi ni wa majirani, na moto huingia kutoka barabarani kila kaskazi inapovuma na nyasi kukauka. Akanyamaza kidogo, akasema basi shughuli yetu iko kwa majirani, miti haina taabu. Kaya imesimama kwa sababu watu walikubaliana, wakakatazana, wakatozana faini. Pale ambapo makubaliano yalilegea, kaya zilimegwa.

Alitufundisha na la mvule. Kuna mvule dume na mvule jike, na matunda hutoka kwa jike tu, tena dume awe karibu. Matunda hayo huliwa na popo usiku, na popo ndiye apandaye mivule kwa kudondosha vijimbegu vyake vidogo anakoruka. Nami nikaongeza nililosoma: mvule ukipandwa peke yake kwa wingi mahali peupe, wadudu huutia uvimbe kwenye majani machanga, mche ukadumaa. Ukichanganywa na miti mingine, kwenye kivuli chepesi, huponyoka. Mzee akacheka akasema hilo ndilo alilokuwa akilisema tangu asubuhi, kwamba mti hauoti peke yake.

Jioni tulitoka na mifuko miwili ya mbegu za mbambakofi na ukwaju, kutoka miti mbalimbali ya mabomani. Tumezichanganya kwa makusudi, ili watoto wa shamba letu wasiwe wote wa mama mmoja.

Jumatatu, Kwale

Feri ya Likoni saa kumi na mbili na nusu, mahamri na mbaazi ng'ambo, matatu hadi Kwale mjini. Ukipanda kule juu unapata ubaridi na ukungu; ndiyo Shimba. Sehemu ya maji tunayokunywa Mombasa hutoka kwenye chemchemi za Marere, ndani ya vilima hivi. Kila ninapofungua mfereji Kisauni nikakuta hakuna kitu, huwaza kuhusu msitu huu.

Shimba Hills imenirekebishia fikra moja. Nilidhani kurudisha ardhi ni kupanda miti basi. Kumbe palahala, yule swala mweusi mwenye pembe zilizopinda nyuma, ambaye Kenya nzima anapatikana hapa tu, hutaka uwanda wa nyasi. Vichaka vikifunga nyasi, palahala hana pa kula. Walinzi wa hifadhi huchoma baadhi ya nyanda kwa mpango na kwa wakati maalumu ili zibaki wazi. Moto uleule tunaoulaani Mwakirunge, hapa unashikwa na mtu anayejua kwa nini anauwasha. Tukaamua kile kipande cha juu shambani, chenye mawe na nyasi za asili, tusikitie mti hata mmoja. Ndege walao mbegu nao wana haki yao.

Mchana tulishuka Golini, upande wa Mwaluganje. Katika miaka ya 1990 wakulima wa huku waliyatoa mashamba yao yawe hifadhi, ndovu wapate njia kati ya Shimba na msitu wa Mwaluganje, nao wagawiwe mapato ya wageni. Walikuwa wamechoka kulima mahindi ya ndovu. Tuliona karatasi zinazotengenezwa kwa kinyesi cha ndovu, nyuzi za majani zinaonekana wazi ndani yake. Mama mmoja alituambia wageni wakija wengi mgao huonekana, wakipungua hakuna anayeushangilia. Hayo ni maisha ya watu, na mtu anayezungumza habari ya wanyamapori bila kuuliza jirani wa hifadhi anakula nini, mimi simwamini. Mwaka 2005 ndovu zaidi ya 100 walihamishwa kutoka Shimba kwenda Tsavo Mashariki kwa kuwa msitu ulielemewa na wakulima nao walielemewa. Hata uhai ukirudi, lazima pawepo na nafasi yake.

Jumanne, Gazi

Kama kilomita 50 kusini mwa Mombasa, nje kidogo ya barabara ya Lungalunga. Mpwa wangu aliniuliza shamba la mlimani lina uhusiano gani na mikoko. Nikamwambia angoje.

Wanawake wa Gazi wana njia ya mbao inayopita katikati ya mikoko, nao ndio waliotuongoza. Wanaitaja miti kwa majina kama watu wa ukoo. Mlilana umetangulia mbele, unapigwa na mawimbi. Nyuma yake mkoko wenye mizizi ya upinde, kisha muia na magoti yake matopeni, mkandaa, mkomafi wenye tunda kubwa la mviringo. Mchu unakubali mbele na nyuma pia. Mwenyeji wetu alichuma jani la mchu akanipa nililambe. Chumvi tupu. Mti huo hunywa maji ya bahari ukaitoa chumvi majanini.

Mpangilio huo ndio siri ya kupanda. Kila mti una daraja lake la kupwa na kujaa. Watu huja na miche ya mkoko, wakaichomeka kwenye matope ya mbele kabisa kwa kuwa hapo pana nafasi na picha hutoka nzuri, na mawimbi huichukua yote. Pale mbele ni pa mlilana. Gazi wamejifunza hivyo kwa miaka. Katika miaka ya 1970 mikoko yao ilikatwa kwa ajili ya kuni za viwanda, pakabaki sehemu tupu zisizoota zenyewe, na kuanzia miaka ya 1990 wanakijiji na watafiti wa KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi, wakaanza kuzipanda upya. Mwaka 2013 ukaanza mradi wa Mikoko Pamoja, wa kwanza duniani wa jamii kulipwa kwa ajili ya hewa ya kaboni inayohifadhiwa na mikoko yao. Hekta 117 zimelindwa, na fedha zimeingia kwenye maji ya kijiji na shule.

Tulikula wali wa nazi na changu kwa hao hao akina mama. Hapo ndipo nilipomjibu mpwa wangu. Mwishoni mwa shamba letu kuna mfereji wa mvua unaoshuka hadi hori la Mtwapa. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilibeba udongo kutoka mashamba yaliyo uchi zikaumwaga kwenye mikoko ya hori la Mwache, mizizi ikazikwa, miti ikakosa hewa ikafa sehemu kubwa. Mkoko hupumua kwa mizizi ile unayoiona juu ya tope. Udongo wa shimo letu la kifusi nao unaelekea mikokoni kila masika. Akaandika: mfereji kwanza, mawe na vizuizi vya matawi, nyasi ukingoni, halafu ndiyo mikuyu.

Jumatano, mjini

Mvua ya kwanza, ya manyunyu. Tulikaa kwa dada yangu Kibokoni, mpwa akasafisha mbegu. Dirishani kunguru walikuwa wakigombania utumbo wa kuku. Hawa si kunguru wetu. Ni wa Bara Hindi, waliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 wakasambaa pwani nzima, na hula mayai na makinda ya ndege wadogo. Mwakirunge ndiko liliko jaa la taka la mji, kwa hivyo kunguru tunao. Hatuwezi kuwamaliza, lakini taka zetu wenyewe tutazifukia, ili angalau wasialikwe na sisi.

Alhamisi, Mwakirunge

Tumekuja na mama. Hajalikanyaga shamba tangu goti lianze kumsumbua. Tulimwekea kiti chini ya mkwaju, naye akawa anaonesha kwa fimbo: pale palikuwa na mvule, pale mkuyu, pale nyuki.

Tulianza na mwarobaini. Huu ni mti wa heshima nyumbani, majani yake yametupooza homa sisi sote. Lakini si wa hapa asili, ulitoka Bara Hindi. Shore na popo hula matunda yake ya manjano, wakatema mbegu chini ya kila mti wanaotulia, na misitu ya pwani inazidi kuingiliwa nao. Mama hakupenda kusikia habari ya kuukata. Tulizungumza kirefu, tukakubaliana: ile mikubwa iliyo karibu na nyumba inabaki kwa dawa na kivuli. Miche michanga iliyotapakaa shambani itang'olewa na mizizi yake udongo ukiwa umelowa, maana ukiikata tu huchipua. Mikubwa ya katikati tutaipunguza polepole, mwaka baada ya mwaka, ili miche ya asili isipigwe na jua ghafla.

Kisha tukaingia kwenye lantana kwa panga na glavu, si kuifyeka yote, bali kuchungulia chini yake. Na hapa ndipo moyo wangu ulipofurahi. Kisiki cha mgurure ambacho sote tulidhani kimekufa kina machipukizi urefu wa kiuno. Mbele kidogo miche ya mkwaju. Ukingoni mwa mfereji mkuyu mchanga, hakuna aliyeupanda, labda popo, labda hondohondo aliyekuwa safarini. Lantana yenyewe ndiyo iliyowaficha wasionwe na mbuzi. Mpwa alichana kanga kuukuu nyekundu, kila mche wa asili tukaufunga utepe. Tulipomaliza upande mmoja tu, tepe zilikuwa zimetuishia.

Mpango wote ukageuka. Tulikuja tukifikiri kununua miche kwenye vitalu. Sasa kazi yetu ya kwanza ni kuvilinda hivi vilivyokwisha kuota: kuchagua machipukizi mawili matatu imara kwenye kila kisiki na kuondoa mengine, kuisafisha lantana mduara tu kuzunguka mche, kuacha iliyobaki iwe ua. Mbegu za Rabai tutazipanda katika sehemu tupu, kwa mafungu, si kwa mistari. Mikuyu tutaipanda kwa vipandikizi, kwa kuwa tunda lake ndilo litakalowaita ndege na popo, nao watatuletea mbegu ambazo sisi hatuzijui hata majina. Ule mwembe mkavu wenye tundu hauguswi. Hondohondo jike hujiziba ndani ya tundu la mti kwa tope akatamia humo, dume akimlisha kupitia ufa. Pasipo na mti wenye tundu, hondohondo hazai.

Alasiri nilikwenda kwa jirani mwenye mbuzi. Nilibisha hodi, nikakaribishwa, tukaongea habari za mvua na za watoto kabla ya kufika kwenye nililojia. Tumepatana hivi: mbuzi hawataingia, ila yeye na vijana wake watakata nyasi za uwanda wa juu wakati wowote bila malipo, na kisima kikitengenezwa watateka maji. Aliniuliza kama makubaliano hayo yanawahusu na wajukuu zake. Nikasema yanawahusu.

Naye akanieleza habari ambayo sikuwa nayo. Yuko mvule mzee upande wa Kashani, kwenye boma la watu, na kila mwaka chini yake huota vichipukizi vingi vinavyofagiliwa mbali. Kwa hiyo ni jike. Mpwa ataondoka kesho na mapema kwenda kuwaomba wenyewe wasifagie mpaka tufike na viroba. Mimi naanza na njia ya kuzuia moto upande wa barabara, hatua nne upana, kabla hatujafukia mbegu yoyote.